Kimya Maana Yake Njia Nyeupe

...hapana mtu, amekwisha kugeuka mara mbili na hapana mtu, nyuma ni lami tupu na ukungu uliokaa juu yake kama shuka lililoanikwa likasahaulika, sasa amjibu nini shemeji aliyeuliza, amwambie hapana mtu au amwambie ni mwangwi, maana mkono wa kushoto, upande wa shemeji, kuna ukuta wa kile kiwanda cha magunia kilichofungwa, mrefu huo, hauishi, na ukuta mrefu hurudisha sauti, hilo hata mtoto mdogo analijua, miguu minne inapiga lami, ukuta unairudisha, na mtu mwenye masikio kama ya shemeji lazima asikie zaidi ya minne, basi, imekwisha, akamwambia, "Ni mwangwi, shemeji, tunapita ukutani," na shemeji akasema, "Aa," ile aa yake ya kukubali kwa mdomo tu, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani, na wakaendelea, hatua, hatua, hatua, kamba ya kumwongoza asiyeona inalegea na kukaza katikati yao, yeye kulia barabarani, shemeji kushoto ukutani, asubuhi ya mazoezi marefu ya mwisho kabla ya marathoni, na watu wote wenye akili zao bado wamejifunika... lakini kwa nini mtu aulize "nani huyo nyuma yetu" kwa sauti ya kawaida vile, kama anayeuliza nani kamaliza sukari, hilo ndilo lililomtia ubaridi, si swali lenyewe, angeuliza kwa hofu angemcheka, angemwambia shemeji na wewe umezidi, wa kuogopa ni mimi ninayeona, wewe unaogopa nini, lakini aliuliza kama mwenye nyumba aliyesikia mgeni anavua viatu mlangoni, na yeye ndipo alipogeuka mara ya kwanza, na mara ya pili akageuka kwa sababu ya ile ya kwanza, na ya tatu hatageuka, ukigeuka sana kamba inavutika na shemeji anajua, kila kitu anakijua kwa kamba, ukichoka anajua, ukikasirika anajua, siku ile alipopita yule aliyekuwa mchumba wake yeye na mkewe mpya kwenye pikipiki shemeji alimwuliza, "Nani kapita?" akasema hakuna, na shemeji akasema, "Hakuna huyo anakudai nini?" akacheka hadi wakapoteza mwendo...

...na kazi yenyewe hii sheria yake ni moja tu, dada, mke wa shemeji, ndiye aliyeitunga akamfundisha shemeji, shemeji akamfundisha yeye, kilichopo kisemwe, kisichokuwepo kisisemwe, tuta unasema tuta, shimo unasema shimo na upande wake, gari, mbwa, maji, mtu anayetembea macho kwenye simu, unasema, neno moja, mapema, na kama hakuna kitu unafunga mdomo, kwa sababu mtu asiyeona hawezi kuchambua porojo na tuta kwa wakati mmoja, kimya maana yake njia nyeupe, ukinyamaza anajua anaweza kutupa miguu anavyotaka, na yeye wiki za mwanzo alikuwa hajui hilo, alikuwa anamsimulia kila kitu, kuna nguo za njano zimeanikwa, kuna mzee anapiga mswaki dirishani, kuna paka watatu juu ya gari, mpaka shemeji akamwambia kwa upole, "Shemeji, wewe unanisomea gazeti. Nikivunjika mguu hapa utaniambia na rangi ya mfupa," na tangu hapo akajifunza kunyamaza, na akawa hodari wa kunyamaza, hodari kupita kiasi, Mungu amsamehe... hatua, hatua, viatu vya shemeji vinapiga sawasawa kama saa, vyake vinakwaruza kidogo, na vya tatu, hapana, hapana vya tatu, ni ukuta, ukuta ukiisha na sauti itaisha, mwisho wa ukuta si mbali, kuna lile geti lenye kutu halafu uwanja mtupu wa magugu, hapo sauti haina cha kugonga ikarudi, wafike tu hapo... dada alipita hapa mara ngapi na kamba hii hii, ameisokota mwenyewe kwa kamba za viatu, amekaa sakafuni sebuleni mguu mmoja kaunyoosha, ncha moja kaifunga kwenye kidole gumba cha mguu, anasokota huku anatazama tamthilia, kamba za kununua zinamkata mume wangu ngozi, ndivyo alivyosema, akatia kitanzi huku na kitanzi huku, chake na cha mumewe, na cha dada ndicho hiki kilichoko mkononi kwake sasa, kimelowa jasho, kimefuliwa tangu siku ile, mama alikifua kwa mikono yake akakianika peke yake kwenye waya mzima...

...siku ile hapakuwa na ukungu, wote walisema hivyo, jua zuri, dada na shemeji wanakimbia, na shemeji alivyosimulia msibani alisimulia mara moja tu, kwa sauti hii hii ya nani kamaliza sukari, kamba ikaenda chini, alisema, sikusikia kitu kingine, kamba ikaenda chini, nikajua kainama kufunga kiatu, nikasimama namsubiri... na hapo wanawake wote walishika vinywa, kwa sababu alisubiri kweli, mtu mzima amesimama katikati ya barabara ameshika ncha ya kamba, anamwuliza mkewe, "Bado?" anangoja, "Bado tu, mama? Kiatu gani hicho?" mpaka akafika mwuza maziwa na baiskeli yake akapiga yowe, na shemeji hata yowe hakulielewa, alidhani baiskeli imemwangusha mtu... na baadaye, watu walipokwisha kutawanyika na viti vya kukodi vimerudishwa, alimkuta shemeji jikoni amesimama karibu na jiko lililozimwa, akamwambia yeye, yeye peke yake, kwa nini yeye, "Alinyamaza. Kutoka nyumbani mpaka pale hakusema kitu, na mimi nikajua njia nyeupe, nikaongeza mwendo, nikaongeza tena. Nilimkimbiza dada yako mpaka akafa," na yeye akajibu mambo yale ya kujibu, usiseme hivyo shemeji, siku zake zilifika, kazi ya Mungu, na shemeji akasema, "Aa..."

...geti lile lile, kutu tupu, sasa ukuta unaisha, unaisha, umeisha, uwanja wa magugu, ukungu mtupu kushoto na kulia, sikiliza, miguu ya shemeji, miguu yake, pumzi ya shemeji, pumzi yake... basi, si unaona, hakuna kitu, ulikuwa ukuta, na karibu acheke, na karibu amwambie shemeji umeniua kwa hofu, shemeji akasema, "Sasa ukuta umeisha." "Ndiyo." "Bado yupo." Na hatua kadhaa mbele akaongeza, "Ni mwanamke. Mwepesi. Kisigino cha kushoto kinatangulia," na nani asiyekijua kisigino cha kushoto cha dada, kila jozi ya viatu ilikuwa imelika upande ule ule, fundi viatu alikuwa anamtania kwamba mguu mmoja unamdai mwingine, na shemeji mtu aliyelala na kuamka na mwendo ule ndani ya nyumba miaka yote, anaujua ukitoka bafuni, anaujua ukiwa na hasira, sasa anasema "mwanamke, mwepesi," kana kwamba anamweleza mgeni, hamtaji, na yeye hamtaji, wanakimbia wote wawili na jina limewakaa mdomoni kama kokwa... au anamsikia yeye, ndiyo, yawezekana, damu moja, mama mmoja, nani kasema kisigino cha kushoto ni cha dada peke yake, labda na chake kinatangulia, akaangalia chini miguu yake mwenyewe, kulia kisigino, kushoto kidole, hapana, chake hakitangulii... au moyo, ee, moyo, daktari alisema unapiga kwa nguvu mpaka unaonekana kwenye nguo, na mtu wa masikio yale, mtu anayepokea simu kampuni ya maji siku nzima, anayejua mteja ana bomba lililopasuka chumbani au uani kwa kusikia tu anavyotukana, si ajabu ausikie moyo wa mtu aliyefungwa naye kamba, akapeleka vidole viwili shingoni, pale pembeni ya koo, akaukuta, unakwenda, unakwenda, unakwama, unaruka kama samaki kwenye karai, unakwenda, na akaomba Mungu shemeji aseme zile hatua zinarukaruka, akamwuliza, "Zinakwenda vipi, hizo hatua?" na shemeji akasema, "Vizuri sana. Sawasawa. Hachoki..."

...akatoa vidole shingoni. Alhamisi, ilikuwa Alhamisi, kabla ya hapo hakuwa anajua kitu, alikuwa anajua kizunguzungu tu, na kizunguzungu nani hana, unakimbia alfajiri halafu unakwenda kusimama kutwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mvuke mpaka kope zinalowa, mashine ya kupigia pasi mashuka inanguruma kama ina kisasi, yeye na Mama Pacha wanakunja, mmoja ncha hii mmoja ncha ile, mnakutana katikati, mnapeana ncha, mnaachana, mnakutana, kutwa nzima kama watu wanaocheza muziki wa watu wengine, na siku hiyo alipofika katikati hakumwona Mama Pacha, aliona weupe, shuka likamtoka mikononi, na Mama Pacha akamshika kwapani kabla hajafika chini, akamkalisha juu ya tenga la taulo, akamwambia, "Wewe, hiyo mimba au ni njaa?" na aliposema si yote mawili Mama Pacha akakunja uso, "Basi nenda ukapimwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema hivyo kwa kutania, anamalizia huku anaokota shuka na kulikagua kama limechafuka, hakujua anasema nini... na daktari alikuwa mwanamke wa makamo, anatafuna kifuniko cha kalamu, chumba kidogo kina pazia la kijani na feni isiyofanya kazi, akampaka kile kitu cha baridi kifuani, akamgeuzia kioo, ule ni moyo wako, akasema, na moyo wake ulikuwa kitu cha kijivu kinachofumba na kufumbua kama mdomo wa mtu anayesema usingizini, na daktari akaeleza taratibu, hapa msuli umenenepa, pasipotakiwa kunenepa, damu inapita kwa shida, ni jambo la kuzaliwa nalo, linatembea kwenye familia, dawa zipo, watu wanaishi nalo mpaka wanazeeka, lakini mbio, "Mbio sahau. Hata basi likikuacha liache, usilikimbilie," na yeye akauliza, kwa sababu alikuwa anafikiria namba ya kifuani iliyokwisha kubandikwa ukutani kwa shemeji, fulana mbili zilizokwisha kupigwa pasi, akauliza, "Je, nikikimbia polepole?" na daktari akaacha kutafuna kalamu. "Dada yako," akasema, "alikaa hapo hapo ulipokaa wewe, akaniuliza swali hilo hilo," halafu akamwangalia usoni, akaona alichokiona, na akasema haraka haraka, "Nilidhani mnajua. Nilidhani aliwaambia..."

...alijua. Hilo ndilo analotembea nalo tangu Alhamisi, halimezeki halitemeki, dada alijua, kwa hesabu ya daktari mwaka mzima alijua, akaamka kila alfajiri akavaa viatu akamfunga mumewe kamba, akanyamaza, na mumewe mpaka leo anajihesabu muuaji, anakula kwa adabu ya mfungwa, na mtu wa kumfungulia ni yeye, neno moja tu, si mwendo wako shemeji, alikuwa anaumwa, alijua, lakini ukilitoa hilo unamnyang'anya lingine, maana shemeji amebakiwa na nini cha dada zaidi ya kamba na ile imani kwamba yule mwanamke hakuwahi kumficha hata jiwe, watu wanamwonea huruma kwa macho yake na yeye anawaambia mke wangu hajanidanganya hata kwa tuta, sasa umwambie alikudanganya na tuta kubwa kuliko yote, halafu atauliza wewe umejuaje, na hapo linatoka la pili, la moyo wake mwenyewe, yote mawili yamefungwa pamoja, huwezi kuvuta moja, na la pili likitoka hakuna marathoni, hakuna mazoezi, shemeji anarudi kwenye kile chumba alichojifungia baada ya msiba, ameshakisahau kile chumba, pazia limefungwa mchana kutwa kwa mtu ambaye pazia halimhusu, sahani ya chakula imeshika utando, viatu chini ya kitanda vimetazama ukuta, na mama akisimama mlangoni amemshika yeye mkono, "Kitinda, una miguu, mtoe huyu mtu ndani kabla hatujamtoa na jeneza," na yeye hakuwa mkimbiaji jamani, yeye alikuwa mbeba mabegi, kwenye marathoni zote za dada na shemeji yeye ndiye aliyesimama kwenye kona na maji na ndizi mbivu, ile ya mwisho walifika watu wameshaanza kukunja mahema, mtangazaji amekwisha kushuka jukwaani akarudi mbio kutangaza, na dada uso mzima chumvi, anacheka, anamwambia mumewe "mstari huo hapo, uruke," na shemeji mzima mzima akauruka mstari kwa miguu miwili kama mtoto anayeruka dimbwi, watu wakapiga makofi, akaona wivu, ndiyo, leo aseme, aliona wivu, akatamani mtu mmoja duniani aruke kwa sababu yeye kamwambia ruka, na akalipata, lo, kwa bei gani, kalipata, wiki ya kwanza anatapika mtaroni na shemeji anamshikia kamba, wiki ya pili na ya tatu mafuta ya mgando mapajani, ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi ukang'oka ukabaki kwenye soksi, ile nusu marathoni yao ya kwanza alilia tangu kilomita za mwisho bila kujua kwa nini analia, na shemeji aliponguruma "Niambie!" akamwambia mstari huo, uruke, na akaruka...

"Maji," alisema, kwa mazoea, kuna dimbwi mbele, limeziba nusu ya njia, na shemeji akajisogeza kushoto kidogo kama ilivyo kawaida, na walipolifikia yeye akaliangalia, hakupaswa kuliangalia, angeliacha lipite, lilikuwa linatikisika. Viduara vinatoka katikati kwenda pembeni, kimoja baada ya kingine, vinagusa kingo, maji yanarudi, kana kwamba mtu amekanyaga sasa hivi, na hawajalikanyaga wao, hakuna upepo, majani ya pembeni hayachezi, hakuna chura, hakuna ndege, na kwenye lami iliyokauka ng'ambo ya dimbwi hakuna alama ya kiatu, hakuna, na shemeji akasema polepole, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho hakikuwemo ndani yake tangu msiba, "Ametupita. Yuko mbele sasa..." na sasa na yeye akasikia. Hakutaka kusikia, lakini sikio halina mlango, tap, tap, tap, kisigino cha kushoto kinatangulia, laini, mbele kidogo ndani ya ukungu, pale ambapo angekuwepo kiongozi kama kamba ingekuwa ndefu, na shemeji ametabasamu, anaona tabasamu kwa pembe ya jicho, tabasamu la mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumbani kwake, na kamba ikakaza, ikakaza kwa upande usio wake, shemeji ndiye anayevuta, shemeji ameongeza mwendo, asiyeona anamvuta anayeona, wanaingia ukunguni kwa kasi ambayo hawajawahi kuitumia mazoezini, hatua ndefu, hatua ndefu, na moyo ukagonga, ukasimama kidogo, ukagonga mara mbili kwa haraka kama mtu anayekumbuka alichosahau, na weupe ule wa kwenye shuka ukaanza pembeni mwa macho, taratibu tu, kwa adabu...

...punguza, neno ni hilo tu, punguza, alilisema mara ngapi kwa sababu ya punda, kwa sababu ya watoto wa shule, na sasa halitoki, na cha kutisha si weupe, si hatua zile, cha kutisha ni kwamba hataki kulisema, anaona raha, Mungu wangu, shemeji anafurahi, miguu inaruka, asubuhi nzima inawafungukia, nani mwenye roho ya kumkata mtu mabawa kwa sababu ya kipande cha msuli, nitamwambia tukifika kwenye nguzo ya umeme, nitamwambia tukigeuza, nitamwambia tukifika nyumbani akishakunywa chai, nitamwambia baada ya marathoni... na hapo akamwelewa dada. Mwaka mzima wa uongo aliokuwa anamlaani nao tangu Alhamisi haukuwa mwaka, ilikuwa ni asubuhi moja moja, kila asubuhi dada aliamka na nia ya kusema, na kila asubuhi huyu mtu alitabasamu hivi, na tuta lina neno lake, shimo lina neno lake, mbwa ana neno lake, hili hawakulitungia neno, na wao walivyozoeana kisicho na neno hakipo, ukinyamaza kidogo ili utafute pa kuanzia yeye amekwisha kusikia njia nyeupe, ameongeza mwendo, unabaki unapigania pumzi badala ya maneno, hakumdanganya mumewe, maskini dada, alikuwa anatafuta pa kuanzia, alikufa anatafuta pa kuanzia, na sasa yuko hapo mbele, mwepesi, hachoki, anaendelea, na mdogo wake anamfuata hatua kwa hatua kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, na nyuma ya mdogo wake kuna huyu atakayesimama tena katikati ya lami ameshika ncha anauliza bado, bado shemeji, kiatu gani hicho, na safari hii hata kama mwuza maziwa atapita, nani atakwenda kumtoa chumbani, mama miguu yake imekwisha...

"Njia ikoje?" aliuliza shemeji. Hajawahi kuuliza. Tangu waanze hajawahi kuuliza, hakuna haja ya kuuliza, na barabara ilikuwa nyeupe kweli, imenyooka, imekauka, hakuna gari, hakuna tuta, macho yake mwenyewe yanamwambia nyamaza, sheria inamwambia nyamaza, na mbele hatua zile zinaita tap, tap, tap, zinamwita nani kati yao, hilo ndilo hakulijua, na akajiona amefungua mdomo na hewa iliyoingia ilikuwa ndogo, ya kutosha neno moja, akalitoa.

"Punguza."

Na shemeji akapunguza, papo hapo, hakuuliza, neno hilo linamfika miguuni kabla ya akilini, kamba ikalegea, na zile za mbele hazikupunguza, ziliendelea, zinakwenda, zinapungua sauti, na uso wa shemeji ukazifuata mpaka shingo ikanyooka, tabasamu lingali pale lakini halina mtu ndani, akasema, "Kuna nini mbele? Gari?" na yeye akasema, "Hakuna kitu barabarani, shemeji. Ni mimi," na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu anayesoma maneno ya mtu mwingine, pumzi, neno, pumzi, neno, "moyo wangu una ugonjwa, nimeambiwa nisikimbie, nimeambiwa Alhamisi nikanyamaza, na ugonjwa wenyewe ni wa dada, dada alikuwa nao, na aliambiwa. Alijua, shemeji. Si mwendo wako. Alijua mwaka mzima..." akaishia hapo, kwa sababu huko mbele, ndani ya ukungu, zile hatua zilikuwa zimesimama. Hazikufifia, zilisimama, kama anavyosimama mtu aliyesikia anatajwa. Shemeji hakusema kitu, wala aa hakusema, mkono wake haukutoka kwenye kitanzi na haukukaza, na kimya cha shemeji hakuna aliyewahi kumfundisha kukisoma, angetaka kukiuliza kinamaanisha nini angekiuliza vipi, na mwendo wao ulikuwa umekwisha kuwa wa kutembea, ukungu haujapungua, jua halijatoka, kifua kinapanda na kushuka, na wakaendelea hivyo hivyo, bega kwa bega, kuelekea pale ziliposimama.